Mjumbe, Msimulizi na Shahidi: Swali la Uadilifu katika Habari za Siasa na Sera nchini Kenya

Utangulizi

Methali ya Kiswahili isemayo kwamba mjumbe hauawi ni kongwe, na hekima yake haihitaji ufafanuzi mrefu. Pale ambapo tawala mbili zilihasimiana, mazungumzo yaliwezekana tu kupitia kinywa cha mtu wa tatu. Lau mtu huyo angelipiziwa kisasi kwa sababu ya maneno aliyotumwa, pasingebaki mtu wa kutumwa tena, na uhasama usingekuwa na kikomo. Kwa hiyo jamii ilimpa mjumbe kinga. Maneno aliyoyatamka hayakuhesabiwa kuwa yake, na hasira ya aliyeyapokea ilipaswa kumwendea aliyeyatuma.

Mwanahabari wa kisasa anajiona kuwa mrithi wa kinga hii. Mwanasiasa anapolalamika kwamba amepakwa matope, au msomaji anapolalamika kwamba amepotoshwa, jibu la chumba cha habari aghalabu huwa moja: chombo kimeyaripoti yaliyosemwa, na anayeyachukia na amwendee aliyeyasema. Makala haya yanahoji iwapo urithi huo ni halali. Hoja yake ni kwamba habari ya siasa au ya sera ya umma haiwezi kutathminiwa kwa kipimo cha ujumbe, kwa maana mwanahabari hatekelezi kazi ya mjumbe. Yeye ni msimulizi. Na kwa kuwa usimulizi wake unahusu mambo yaliyotendeka kweli, tena mambo yanayowafunga watu ambao hawakuwepo yalipotendeka, usimulizi huo una hadhi ya ushahidi. Swali la kimaadili linalostahili kuulizwa kuhusu kila ripoti, basi, ni hili: ni nani hasa aliyekubali kubeba dhamana ya ukweli wa jambo linalosemwa?

Huenda ikaulizwa ni kwa nini suala hili liletwe mbele ya wahakiki wa fasihi badala ya kuachiwa wanasheria na wakufunzi wa uanahabari. Jibu ni kwamba dhamana ya ukweli hufichwa au hufichuliwa kwa mbinu za lugha, na mbinu hizo ndizo malighafi ya mhakiki. Nadharia ya usimulizi, hususan tangu kazi za Gérard Genette katika miaka ya 1970, imewazoesha wahakiki kutofautisha anayeona na anayesema katika matini. Tofauti hiyo ikihamishwa kutoka riwaya hadi gazeti, inazaa swali la tatu ambalo riwaya hailazimiki kulijibu: ni nani anayethibitisha?

Kinga ya Mjumbe na Masharti Yake

Kinga ya mjumbe haikutolewa bure. Ilikuwa na masharti matatu. Kwanza, mjumbe awe ametumwa na mtu anayejulikana. Pili, ayafikishe maneno kama alivyopewa, asiongeze wala asipunguze. Tatu, anayepelekewa ujumbe awe na uwezo wa kumtambua aliyetuma na kumjibu. Mjumbe aliyeanza kuchagua ni sehemu gani ya ujumbe aifikishe, au aliyeutia chumvi, alikuwa amevua kinga yake mwenyewe.

Kazi ya mwanahabari inavunja masharti yote matatu, na kuyavunja kwenyewe si kosa. Ndivyo kazi ilivyo. Mwanasiasa huhutubu kwa saa nzima, naye mwanahabari huteua sentensi tatu. Mikutano saba hufanyika Jumapili moja, naye mhariri huteua miwili. Tukio hupewa kichwa, hupewa picha, huwekwa katika ukurasa wa kwanza au wa kumi na tisa, na hufuatishwa na maoni ya mtu mmoja badala ya mwingine. Katika kila hatua ya hizi kuna uteuzi, na uteuzi ni kitendo cha msimulizi. Anayeteua hawezi kusema kwamba hakusema.

Historia ya utangazaji nchini Kenya inatoa ithibati ya kinyume. Katika enzi ya chama kimoja, taarifa ya habari ya redio ya serikali, iliyoitwa Sauti ya Kenya hadi ilipobadilishwa jina kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka wa 1989, ilikuwa na mpangilio ambao wasikilizaji wa wakati huo wanaukumbuka vyema. Ilianza kwa shughuli za Mtukufu Rais, iwe amefungua kiwanda au amehudhuria ibada, na matukio mengine yote yakasubiri zamu. Ukizingatia masharti ya ujumbe, redio hiyo ndiyo iliyoyatimiza kikamilifu zaidi katika historia ya nchi. Ilitumwa na mtu anayejulikana, iliyafikisha maneno bila kuyapunguza, na kila aliyesikiliza alimtambua aliyetuma. Hata hivyo, hakuna mhakiki makini anayeichukulia kuwa kielelezo cha uanahabari bora. Inabainika, basi, kwamba uaminifu wa mjumbe na uadilifu wa mwanahabari ni mambo mawili tofauti. Chombo cha habari chaweza kuwa mjumbe mwaminifu na wakati uo huo kikawanyima wananchi ukweli.

Sarufi ya Dhamana

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufunzwa kubadilisha usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Zoezi hilo huwasilishwa kana kwamba ni suala la nyakati, nafsi na viashiria tu: «leo» inakuwa «siku hiyo», «hapa» inakuwa «pale». Kinachosahauliwa ni kitenzi kinachoutangulia usemi wenyewe. Ikisemwa kwamba waziri alisema fedha zimetumwa kwa kaunti, msimulizi amesimama kando. Ikisemwa kwamba waziri alidai, msimulizi ametia shaka. Ikisemwa kwamba alifichua, alikiri au alifafanua, msimulizi amekwisha kukubali kwamba jambo lenyewe ni kweli, kwa sababu haliwezi kufichuliwa wala kukiriwa jambo lisilokuwepo. Kitenzi kimoja kinatoa hukumu ambayo msomaji hakuonyeshwa ushahidi wake. Gazeti linalowapa wakubwa wa serikali vitenzi vya kufafanua, na wapinzani wao vitenzi vya kudai na kufoka, limechukua upande hata kama limewapa wote nafasi sawa ya safu.

Kauli ya kutendwa inafanya kazi nyingine. «Ushuru umeongezwa», «shamba limenyakuliwa» na «zabuni imetolewa» ni sentensi timilifu kisarufi, lakini zimemtoa mtenda jukwaani. Wakati mwingine mtenda hajulikani, na ni haki kunyamaza kumhusu. Mara nyingi anajulikana, na kuondolewa kwake kunaifanya sera ionekane kama mvua au ukame, jambo linaloteremka kutoka juu pasi na mkono wa mtu.

Kiswahili kina kipengele kingine ambacho hakijachunguzwa vya kutosha katika muktadha huu, nacho ni kiambishi cha kutendana. Ripoti isemayo kwamba polisi na waandamanaji walikabiliana inagawa kitendo kwa pande mbili kwa kiasi sawa. Sarufi yenyewe inadai usawa huo. Huenda usawa huo ni wa kweli, pande zote mbili zikiwa zimerusha mawe na kupokea mawe. Lakini mnamo tarehe 25 Juni 2024, polisi walipowafyatulia risasi watu waliokuwa wakiandamana karibu na majengo ya Bunge jijini Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, kitenzi «walikabiliana» hakingeweza kubeba kilichotokea. Waliopigwa risasi hawakupigana risasi. Kiambishi cha silabi moja kinaweza kufuta tofauti kati ya aliyefyatua na aliyeanguka, na mwandishi anaweza kukitumia bila kusema uongo wowote ambao mahakama ingeutambua.

Kuna, hatimaye, ile jamii ya misemo isiyo na mwenyewe: yasemekana, inadaiwa, duru za kuaminika zimedokeza. Jamii ya Waswahili ina methali inayoutetea uvumi, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni ya busara katika baraza la mtaani, ambako watu wanajuana na wanaweza kulipima neno kwa kumpima aliyelileta. Ikihamia gazetini inageuka kuwa kisingizio. Msomaji wa Lodwar au Kilifi hana njia ya kuzipima duru za Nairobi zilizoitwa za kuaminika. Ameombwa aamini kwamba mtu fulani ameamini.

Sherehe na Mkataba

Kasoro ya kujificha nyuma ya ujumbe inaonekana waziwazi zaidi katika habari za sera kuliko katika habari za kampeni. Kampeni ina mapigano, na mapigano yana pande. Sera ina nyaraka, na nyaraka hazihutubii mikutano. Matokeo yake ni kwamba sera huingia katika habari kwa mlango wa sherehe. Jiwe la msingi linapowekwa, utepe unapokatwa au mkataba unapotiwa saini mbele ya kamera, kuna mtu anayesema na kwa hiyo kuna ujumbe wa kufikisha.

Mfano ulio mashuhuri ni reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi. Mikopo yake mikuu kutoka Benki ya Exim ya China ilitiwa saini mwaka wa 2014, na treni ya abiria ikazinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 31 Mei 2017. Gharama ya ujenzi wa sehemu hiyo ya kilomita zipatazo 472 ilitajwa kuwa takriban shilingi bilioni 327. Kati ya saini na uzinduzi, wasomaji walipewa picha nyingi: madaraja, behewa, vituo, na viongozi waliovaa kofia za ujenzi. Kile ambacho hawakupewa ni masharti ya mkopo. Sehemu za mikataba hiyo zilitolewa hadharani na Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, mnamo Novemba 2022, miaka minane baada ya kutiwa saini na zaidi ya miaka mitano baada ya treni kuanza safari.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna aliyeuliza. Wachumi, David Ndii akiwa miongoni mwao, walitilia shaka hesabu za mradi huo katika safu za magazeti tangu mwanzo. Lakini maswali hayo yaliishi hasa katika ukurasa wa maoni, ambako kila jambo linahesabiwa kuwa rai ya mtu. Katika ukurasa wa habari, sauti iliyotawala ni ya aliyezindua. Mgawanyo huo wa kurasa una itikadi yake. Unachukulia kwamba tamko la waziri ni tukio, ilhali swali la mchumi ni mtazamo. Kumbe mkataba usioonyeshwa umma ulikuwa tukio kubwa kuliko tamko lolote; kilichokosekana ni mtu wa kulitamka kwenye kipaza sauti, na pasipokuwa na wa kutamka, mjumbe hana la kubeba.

Lau mwanahabari angejiona kuwa shahidi, hali ingekuwa nyingine. Shahidi huulizwa alichokiona, lakini huulizwa pia alichotafuta asikione. Ripoti ya uzinduzi ingalikuwa na aya moja iliyosema, siku hiyo na kila siku iliyofuata, kwamba masharti ya mkopo yaliombwa na hayakutolewa. Sentensi hiyo isingalihitaji ruhusa ya waziri, na tangu kupitishwa kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 ingalikuwa na nguvu ya sheria nyuma yake. Tukio la 2024 linathibitisha kwamba wasomaji wa habari ya namna hiyo wapo. Vijana waliousambaza Mswada wa Fedha katika mitandao ya kijamii waliueleza kifungu baada ya kifungu, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyinginezo. Walichokifanya ni kile ambacho habari za sera zilikuwa zimekisahau: waliisoma nyaraka yenyewe badala ya kumsubiri aliyeitungia hotuba.

Kimya cha Mwaka wa 2013

Hoja ya ushahidi inakabiliwa na pingamizi moja zito, nayo inatokana na historia ya nchi yenyewe. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na serikali kupiga marufuku matangazo ya moja kwa moja jioni iyo hiyo, ghasia zilizozuka ziliwaua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2008, ilivinyoshea kidole baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kienyeji kwa kuchochea chuki. Mtangazaji mmoja wa redio, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi dhidi yake ikasitishwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Wakenya walijifunza kwa gharama ya damu kwamba ulimi hauna mfupa. Je, si busara, basi, kwamba mwanahabari afunge kinywa panapokuwa na hatari?

Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulikuwa jaribio la busara hiyo. Vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura viliharibika katika vituo vingi. Mfumo wa kupeperusha matokeo ulikwama. Idadi ya kura zilizokataliwa ilipanda katika skrini hadi kupita laki tatu, kisha tume ikaeleza kwamba kosa la programu lilikuwa limeizidisha mara nane. Mshindi alitangazwa tarehe 9 Machi kwa asilimia 50.07, pungufu ya asilimia moja ya kumi juu ya kiwango kilichohitajika kuepuka duru ya pili. Katika siku hizo tano vyombo vikuu vilisisitiza amani na subira, na kwa jumla maswali makali kuhusu mitambo na hesabu yaliwekwa pembeni. Mahakama ya Juu iliuidhinisha ushindi huo tarehe 30 Machi. Ghasia za 2007 hazikurudi.

Mtetezi wa kimya atasema kwamba matokeo hayo ni hoja tosha. Lakini ni lazima itofautishwe kati ya aina mbili za kunyamaza. Kuna kunyamazia uchochezi, yaani kukataa kumpa jukwaa anayewaita watu wa jamii nyingine magugu ya kung'olewa. Hilo ni wajibu, na halimnyimi mwananchi ukweli wowote. Kuna pia kunyamazia swali, yaani kuliona jambo lisiloeleweka na kuacha kuliuliza kwa sababu jibu lake huenda likawakasirisha watu. Aina hii ya pili haihifadhi amani yenyewe. Inaahirisha tu malipo yake. Mnamo tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti mwaka huo, sababu zake zilihusu mambo ya jamii ile ile iliyopuuzwa mwaka wa 2013: upeperushaji wa matokeo, fomu, na uwazi wa mitambo ya tume. Laiti umma ungalizoeshwa kuyajadili mambo hayo kama masuala ya kawaida ya utendakazi, yasingaliwafikia wananchi kwa mara ya kwanza yakiwa yamevaa joho la mgogoro.

Desturi ya maamkizi ya Waswahili inatoa mwanga zaidi kuhusu jambo hili. Anayeulizwa habari hujibu kwanza kwamba ni njema, hata kama ametoka mazikoni. Huo ni uungwana, na hakuna anayeuita uongo. Lakini uungwana huo haukomei hapo. Baada ya «njema» hufuata «ila»: njema, ila mtoto hakulala, njema, ila mvua imekosa. Muulizaji mwungwana huisubiri «ila» hiyo, kwa maana ndiyo habari. Uanahabari wa mwaka wa 2013 uliwapa wananchi «njema» ukaikata sentensi. Na kama wahenga walivyonena, kimya kingi kina mshindo mkuu. Wale ambao hawakuridhika na matokeo walikisikia kimya hicho kikisema kwamba kuna jambo linalofichwa, hata pale ambapo huenda hapakuwa na jambo. Kimya kinachotetewa kwa jina la amani kiliipunguzia amani msingi wake, ambao ni imani ya walioshindwa kwamba wameshindwa kwa haki.

Shahidi na Sanadi

Ikiwa mwanahabari ni shahidi, ushahidi wake upimwe vipi? Elimu ya hadithi za Mtume, ambayo imefundishwa katika madrasa za upwa wa Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi, ina jibu linalostahili kuazimwa hata na wasio Waislamu. Wanazuoni wake hawakutosheka kuitazama matini peke yake. Walidai pia sanadi, yaani mnyororo wa wasimulizi: nani alisikia kutoka kwa nani, je, walikutana kweli, je, kila mmoja wao alijulikana kwa ukweli na kumbukumbu imara. Kauli nzuri yenye mnyororo uliokatika ilihesabiwa kuwa dhaifu, hata iwe tamu kiasi gani masikioni.

Kwa kipimo hiki, «duru za kuaminika» ni sanadi iliyokatika. Itajibiwa kwamba kuna nyakati ambapo msemaji hawezi kutajwa, kwa kuwa kutajwa kungemponza. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini anayemficha msemaji kwa sababu hiyo amechukua nafasi yake katika mnyororo, naye sasa ni mdhamini. Akipatikana kuwa amekosea, hana haki ya kumnyoshea kidole mtu ambaye msomaji hamjui.

Historia ya Kenya ina kielelezo cha ushahidi wa namna hii. Uchaguzi wa mlolongo wa mwaka wa 1988 uliwataka wapiga kura wapange foleni nyuma ya wagombea wao au picha zao. Ukweli wa matokeo ulikuwa wazi mbele ya macho ya kila aliyesimama uwanjani. Foleni ndefu ilikuwa ndefu. Katika maeneo kadhaa waliotangazwa washindi ni wale waliokuwa na foleni fupi. Jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilichapisha taarifa za udanganyifu huo. Lilipigwa marufuku mwaka uo huo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa gerezani. Funzo la kisa hiki kwa methali iliyoanza makala haya ni la kejeli. Mjumbe wa serikali hakuuawa. Hakuwa katika hatari yoyote. Aliyehitaji kinga na akaikosa ni shahidi.

Tofauti kati ya wajumbe na mashahidi ilijitokeza tena mwaka wa 2022, safari hii bila kisingizio cha hofu ya aina ile. Kwa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, tume ya uchaguzi iliweka picha za fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 katika tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Chombo cha habari hakikuhitaji tena kusubiri msemaji. Nyaraka ilikuwa imefunguliwa. Vituo vya televisheni vilianza kujumlisha, kila kimoja kivyake, na kwa kuwa vilianza na fomu za maeneo tofauti, jumla zao zilitofautiana. Umma ulichanganyikiwa. Vyombo vikapunguza mwendo, na kazi hiyo ikaachwa kabla ya kukamilika. Mshindi alipotangazwa tarehe 15 Agosti kwa asilimia 50.49, na makamishna wanne kati ya saba wakajitenga na tangazo hilo, hapakuwa na chombo kikuu cha habari kilichoweza kuwaambia Wakenya kwa dhamana yake mwenyewe kwamba kimezihesabu fomu zote na hiki ndicho kilichopatikana. Uamuzi uliachiwa Mahakama ya Juu, iliyoudumisha ushindi huo tarehe 5 Septemba.

Kosa hapa halikuwa kutofautiana. Mashahidi wawili waliosimama pembe mbili za uwanja hutofautiana, na hakimu mwenye busara huwashuku zaidi wanaofanana kila neno. Kosa lilikuwa kutoeleza kutofautiana kunatokana na nini, kisha kuondoka kizimbani kabla ya kumaliza kusema. Fursa ya kuupa umma ukweli usiotegemea kinywa cha mkubwa yeyote ilikuwepo mezani kwa siku sita.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kinga ya mjumbe haimfai mwanahabari wa siasa na sera, kwa kuwa masharti yake hayatimizwi na kazi yake, na kwa kuwa pale yalipotimizwa kikamilifu matokeo yalikuwa redio ya mtawala. Haidaiwi kwamba mwanahabari anaujua ukweli wote, wala kwamba kila ripoti imsute anayenukuliwa. Shahidi hahitaji kujua yote. Anahitaji kusema alichokiona, alikionea wapi, alichokitafuta akakikosa, na ni jambo gani analolikubali kwa neno la mtu mwingine tu.

Kwa mhakiki, msimamo huu unazaa utaratibu wa kusoma. Kwa kila ripoti ataangalia vitenzi vya kunukuu vimegawanywa vipi. Mtenda ameondolewa wapi na kwa faida ya nani. Kiambishi cha kutendana kimesawazisha vitendo vilivyo sawa au visivyo sawa. Sanadi imekatika katika kiungo kipi. Na sentensi inayoanza kwa «njema» imefikishwa kwenye «ila» yake au imekatwa njiani. Haya si mambo ya mapambo. Katika nchi ambamo tofauti ya sehemu ndogo ya asilimia imeamua nani atawale, na mkopo wa mabilioni umelipwa na watu wasiouona mkataba, sarufi ya habari ni sehemu ya haki ya raia.

Kuhusu methali yenyewe, haina budi kuachwa katika mahali pake. Mjumbe hauawi, na asiuawe. Lakini anayeteua, anayepanga, anayetaja na anayenyamaza asijifiche chini ya kivuli hicho. Kinga anayoistahili ni kubwa zaidi, ni ile ya shahidi, nayo Katiba ya mwaka wa 2010 imemwahidi katika vifungu vya 33 na 34. Haki hiyo ataidai kwa uthabiti zaidi siku atakapokubali kulitia sahihi neno lake.